Chujio la Msiba

1

Siku ya sita baada ya mazishi ya Asajile, vikuku thelathini na vinane viliwaka nyekundu, na mimi ndiye niliyetakiwa kueleza kwa nini.

Naitwa Bupe. Ni fundi wa vikuku katika kituo cha kununulia majani ya chai cha Lupondo, wilayani Rungwe. Kazi yangu ni rahisi kuieleza. Kila mchumaji anavaa kikuku mkononi. Kikuku kinasoma jasho, mapigo ya moyo na namna vidole vinavyokaza, kisha kinasema kama mwenye mkono huo anafanya kazi kwa hiari yake. Kikiwa cha kijani, ameridhia. Njano, haijulikani bado. Nyekundu, analazimishwa. Kila robo saa habari hizo zinaruka kwenda Veldania, nchi yenye kampuni inayonunua majani yetu, ambako kuna bunge, na bunge hilo lilitunga Sheria ya Ridhaa. Jani lisilo na kijani haliingii Veldania, na Veldania ndiyo inayokunywa chai yetu yote.

Sheria yenyewe haikuanzia kwetu. Ilianzia kwenye zabibu, katika nchi nyingine kabisa, ambako kampuni moja ya Veldania ilikutwa imewafungia watu shambani kwa makufuli. Wapiga kura wakaandamana na glasi tupu za mvinyo. Wabunge wakawaogopa wapiga kura, wakurugenzi wakawaogopa wabunge, na woga ule ukasafiri kilomita elfu nane ukatufikia Lupondo ndani ya maboksi, vikuku mia nne na kumi na viwili, kimoja kwa kila kaya ya chama chetu.

Siwabezi. Kumlazimisha mtu kazi ni uovu, na waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika. Ninachosema ni kwamba vikuku vilipimwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha huko, vijana elfu moja na mia moja, nusu yao wakikunja karatasi kwa kupenda na nusu wakikunja kwa kufokewa. Hakuna aliyekumbuka kumpima mtu aliyetoka kuzika.

Na Asajile tulimzika wote. Alikuwa dereva wa trekta la majani na sauti nzito ya kwaya, mtu ambaye akipita hata mbuzi wanajua kapita. Aliugua siku nne tu. Baada ya mazishi, wanawake wa kitongoji chake walifanya kama inavyofanywa siku zote: waliingia shambani kwake wachume kwa niaba ya mjane mpaka matanga yaishe. Wakawa wanachuma wanalia, wakinyamaza wanakaza meno, na vikuku vikasoma yote hayo kadiri vilivyofundishwa.

Sheria inasema hivi: kituo ambacho zaidi ya mmoja kati ya kumi ana nyekundu, siku saba mfululizo, kinafungwa mwaka mzima. Thelathini na wanane wa asubuhi ile ya siku ya sita hawakutosha. Lakini wachumaji wengine walikuwa wanakwaya wenzake Asajile, na ilipofika saa nne asubuhi ya siku ya saba nilikuwa nimehesabu arobaini na sita. Siku zilizotangulia hazikuwa tofauti sana. Hesabu ilipita kiwango kila siku kufikia jioni.

Mwenyekiti wa chama, mzee Gwamaka, aliingia bandani bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu, nimeambiwa wanatufunga."

"Leo saa nane mchana, baba. Kama sijawapa maelezo wanayoweza kuyapokea."

"Si uwaambie watu wamefiwa? Kwao hawafi?"

"Wanakufa. Ila hawachumi chai siku hiyo."

Akakaa juu ya gunia, akavua kofia. Nje magunia ya asubuhi yalikuwa yamejaa, na majani mabichi hayana subira. Yakikaa saa tano yameshaanza kupata joto yenyewe na kiwanda hakiyataki. Mwaka mzima wa kufungwa ni ada za shule, ni dawa za wazee, ni watu kung'oa chai waliyopandiwa na babu zao na kupanda viazi. Mzee hakuyataja, na mimi sikuhitaji kuambiwa.

"Ulishatuokoa mara moja," alisema. "Ile ya mama Atu."

2

Ile ya mama Atu inabidi niieleze, maana ndipo nilipokosea.

Mwaka wa kwanza wa vikuku, cha mama Atu kilikuwa kinawaka nyekundu mara tatu kwa siku, dakika nne nne, kila anapofika kwenye mizani. Veldania wakaamini karani wa mizani anamtisha, wakataka afukuzwe. Karani alikuwa baba mkwe wake. Kwa sisi Wanyakyusa mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Akimwona njiani anachepuka, jina lake halitamki, na kama kuna neno la kumfikishia anamtuma mtu. Sasa kampuni ilikuwa imemweka amkabidhi kikapu uso kwa uso. Mama wa watu moyo ulikuwa unamdunda kwa heshima.

Dawa ilikuwa kumhamisha karani. Lakini karani alikuwa na miaka ishirini kwenye mizani ile, na kumhamisha kulihitaji kikao, na mimi nilikuwa kijana ninayejua kuandika programu. Nikaandika chujio. Likawa linaiambia mashine: wekundu wa aina hii, mahali hapa, usihesabu. Veldania wakafurahi sana, wakalibandika jina refu lenye maneno ya mila na utamaduni, na wakanipandisha cheo. Mama Atu akaendelea kudundwa na moyo mara tatu kwa siku, ila sasa kwa kijani. Hakuna aliyemuuliza tena, hata mimi.

3

Saa tano nilimpigia Ilse Hovland, mwanasheria wa kampuni anayeshughulikia vituo vya nje. Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Anaongea kwao, na mashine inamtafsiri kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio wa zamani, kisafi mno, kisicho na pumzi.

"Habari za asubuhi, Bi Bupe. Nimesoma takwimu zenu. Poleni kwa kumpoteza mpendwa wenu."

Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na chini barabarani niliona watu wamesimama na vikombe, wamevigeuza juu chini. Nilimuuliza kama wale ni kwa ajili yetu.

"Ni kwa ajili ya kila mtu. Uchaguzi ni baada ya wiki tatu. Mkurugenzi wetu yuko mahakamani kwa sababu ya kituo kimoja kisichokuwa chenu. Endapo wekundu wa Lupondo utatangazwa, hatatoka." Akajipangusa uso. Alikuwa amechoka, na nilimwonea huruma, ninakiri. "Tunapendekeza chujio la msiba. Kwa mfano wa lile la mkwe. Mtu akifariki katika kituo, wekundu wote wa kituo hicho kwa siku arobaini utasomwa kama huzuni. Muundo wake uko tayari. Kinachohitajika ni saini ya fundi aliye mahali husika, kwamba kwa kadiri ya ujuzi wake hakuna anayelazimishwa."

"Wekundu wote?"

"Wote. Mashine haiwezi kutofautisha."

Hiyo si kweli kabisa, na nadhani alijua. Nilikuwa na michoro mbele yangu. Huzuni inakwenda na kurudi. Mwanamke analia, anatulia, anacheka kidogo kwa kukumbuka kituko cha marehemu, analia tena, na mstari wake unapanda na kushuka siku nzima. Michoro arobaini na mitano ilikuwa hivyo. Wa arobaini na sita ulipanda saa moja kamili asubuhi, mwenyewe alipoingia shambani, ukabaki juu, umenyooka, mpaka saa kumi alipotoka. Siku tano, hivyo hivyo. Jumapili, ambayo hakuchuma, ulikuwa chini mchana mzima na ulipanda jioni mara moja tu.

Kilikuwa kikuku cha Subilaga, mama Lugano. Mjane mwenyewe.

Nikakumbuka pia hesabu nyingine ndogo. Katika kituo chenye kaya mia nne, siku arobaini hazipiti bila mtu kufa. Chujio lile likishawashwa halitazimika.

"Nipe mpaka saa nane," nilimwambia.

4

Nilimkuta mstari wa juu, peke yake, wenzake wakiwa wamemwachia nafasi kwa kudhani anataka kuwa na marehemu wake. Alikuwa anachuma vizuri, majani mawili na chipukizi, hajaharibu hata kimoja.

"Ndaga, mama Lugano. Pole tena."

"Nimeshapoa, fundi." Hakuacha kuchuma. "Umekuja kwa ajili ya hiki?" Akainua mkono. Nyekundu.

"Nimekuja kwa ajili yako. Hapa mjane anachumiwa. Mbona wewe unachuma?"

Akaangaza chini kwa wenzake kabla hajajibu.

"Shemeji alileta maneno ya mkwe siku ile ile tuliyotoka makaburini. Shamba ni la ukoo, mtoto ni wa ukoo. Nikichuma, naendelea kuwa wa pale. Nisipochuma, nijiondokee na kanga zangu. Lugano walishamhamishia kwa bibi yake. Namwona Jumapili, mpaka jioni wanapomchukua."

Lugano ni binti wa miaka mitano. Siku ya mazishi nilimbeba mgongoni, akalala.

"Wewe unataka nini?"

"Dada yangu yuko Uyole, ana cherehani mbili. Nataka mwanangu, na nataka kwenda Uyole. Ni hivyo tu."

"Umekwenda ustawi wa jamii?"

"Nimekwenda. Wamenisikiliza vizuri sana. Wakasema nije na mkwe wangu, tukae meza moja tuzungumze." Hapo ndipo alipoacha kuchuma, akanitazama. "Mimi, fundi. Meza moja na mkwe."

Nikamweleza ya Veldania, yote, bila kumficha: saa nane, chujio, saini, mwaka mzima. Aliuliza maswali mafupi, kama mtu anayenunua kitambaa.

"Ukiandika kwamba mimi nalazimishwa, wanafanya nini?"

"Wanafunga kituo."

"Wanamleta mtoto?"

"Mtoto hawamjui. Hawaruhusiwi hata kumjua. Kuna sheria yao nyingine, kampuni isiingilie familia za watu huku nje. Waliitunga baada ya kosa jingine."

"Kwa hiyo hiki kikisema naonewa," alikigonga kikuku kwa ukucha, "hawaji. Wanaacha kununua tu."

"Ndiyo."

"Basi hakinilindi mimi. Kinawalinda wao." Alisema bila hasira, na mimi ndiye niliyekasirika. "Na kituo kikifungwa, wenzangu wote hawa watajua ni kwa sababu yangu. Nitakuwa sina mtoto, na sina mtu."

"Niambie nifanye nini. Ukisema niandike, naandika. Ukisema nisaini, nasaini."

Nilidhani ninamheshimu. Nilikuwa nimesimama pale na moyo safi kabisa, nikisubiri aniambie.

"Hapana," alisema Subilaga. "Hilo usinitwishe. Unataka nikubali ili ukalale usingizi. Wewe fanya kazi yako, lakini usiseme uliniuliza nikaridhia."

Akarudi kuchuma.

5

Nilishuka mbio. Saa saba na nusu nilikuwa nimempata mzee Gwamaka akiwa bado juu ya gunia lake. Nilimwomba aende kwa mkwe wa Subilaga sasa hivi, yeye ni mwanamume, ni mwenyekiti, mkwe atamsikiliza. Mtoto akirudishwa kwa mama yake hata kwa ahadi, mjane hatakuwa analazimishwa, na saini yangu itakuwa ya kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, mzee Gwamaka. Alilia kwenye mazishi kuliko ndugu wa marehemu.

"Mwanangu, mambo ya ukoo hayaamuliwi kwa nusu saa. Nikienda kichwa kichwa, yule mzee atakaza zaidi. Leo tuokoe kituo. Hili tutaliona matanga yakiisha."

"Matanga yakiisha nani atalikumbuka?"

"Wewe utatukumbusha."

Nikampigia Ilse. Nilimwomba kitu kimoja: chujio liwekwe, lakini kikuku kimoja kiachwe nje. Kibaki kinasema kinachosema. Kimoja hakiwezi kufunga kituo, na angalau kitabaki kumbukumbu mahali fulani kwamba mtu huyu hakuridhia.

Aliinuka, akafunga dirisha, akarudi.

"Bi Bupe, naomba unielewe vizuri. Chujio linalomwacha nje mtu mmoja lina maana kwamba tunajua habari za mtu huyo. Tukishajua, kununua jani hata moja ni jinai, liwe lake au la kituo kizima. Asiyejua hana kosa." Mashine ilitafsiri kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari. "Mazungumzo haya yanarekodiwa. Bado hujaniambia jambo lolote. Nakuomba ufikiri kabla ya kuniambia."

Nilifikiri. Nilifikiri pia jambo la kipuuzi, nikaliuliza.

"Wewe umevaa?"

"Kuvaa nini?"

"Kikuku."

Alitazama mkono wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Sheria inahusu kazi za nje ya nchi," alisema. Halafu, taratibu: "Ningevaa leo, sijui kingesema nini."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Nje trekta liliwashwa, na kijana mpya aliyeshika nafasi ya Asajile alikuwa hajui kuliondoa bila kulirusha. Wanawake walikuwa wameketi ukutani kwa banda, vikapu miguuni, wananitazama kupitia mlangoni. Mama Atu alikuwa miongoni mwao. Walikuwa wamechuma wiki nzima shamba lisilo lao, bila kulipwa, kwa sababu ya mtu waliyempenda, na kwa ajili hiyo walikuwa karibu kupoteza mashamba yao.

Maneno yalikuwa yameshaandikwa kwenye kioo: Ninathibitisha, kwa kadiri ya ujuzi wangu, kwamba hakuna mtu anayelazimishwa kazi katika kituo hiki.

Kusaini hakuhitaji kikuku. Kunahitaji kidole tu, na nilikiweka.

Majibu yalikuja kabla sijakiondoa. Arobaini na sita wote, kijani. Ilse aliniandikia kwa mkono wake, bila mashine, neno moja la Kiswahili alilojifunza sijui wapi: asante. Nje wanawake walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka kuna msiba, wakanyamaza. Mzee Gwamaka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Magunia yalipanda trekta, na chai ya Lupondo ikaenda zake Veldania ikiwa safi.

6

Matanga yaliisha. Nilimkumbusha mzee Gwamaka siku hiyo hiyo, akasema tungoje ukoo upumue. Nilimkumbusha tena wiki iliyofuata. Akaenda, hilo nisimnyime, akapewa kiti na chai, na akarudi na jibu kwamba mjane anachuma vizuri, hana manung'uniko, na kama yangekuwepo kikuku kingeonyesha.

Hilo la mwisho alilisema akitazama chini.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkwe. Mzee yule alinipokea kwa heshima. Nilianza kueleza, akanisikiliza, kisha akamtuma mtoto wake ndani alete karatasi. Ilikuwa ripoti ya mwezi ya kampuni, ile inayobandikwa ukutani kwa banda, ya Kiswahili, yenye muhuri. Lupondo: ridhaa asilimia mia moja. Chini kulikuwa na jina langu.

"Wewe ndiye uliyesaini, mwanangu," alisema. "Sasa unataka nimwamini nani?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye mizani nikikagua vikuku, kimoja kimoja, kama kila Jumatatu. Karani wetu ni yule yule. Wanawake walipita. Mama Atu alipita ameinamisha uso. Subilaga alikuwa wa mwisho. Alikuwa amekonda, na ni Jumatatu, kwa hiyo jioni iliyotangulia walikuwa wamemchukua tena Lugano mikononi mwake.

Alinyoosha mkono bila kuambiwa. Nikakishika kikuku. Kwa ndani mashine bado inapima. Chujio linageuza rangi tu, na mimi kwenye kioo changu ninauona mstari wenyewe. Ulipanda pale pale nilipokuwa nimemshika, ukabaki juu, umenyooka.

Kwa nje taa ilikuwa ya kijani.

"Fundi," alisema Subilaga, kwa sauti ambayo karani na wote waliokuwa bandani waliisikia, "kimepona?"

Nilimwambia ndiyo, kimepona. Akachukua kikapu chake akaenda shambani.